Nina pesa ya kitu kimoja tu: karo ya chuo kikuu au mashine ya kukunja bati?

FundiSanduku, Kamukunji (Jumapili, saa 3:10 usiku)

Wandugu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa bati pale sokoni Kamukunji, Nairobi, tangu 1994, natengeneza masanduku ya shule. Kama ulisoma bweni katika nchi hii na sanduku lako lilikuwa la bluu lenye maua meupe ya brashi, huenda lilipita mikononi mwangu au mwa jirani yangu. Kwa hiyo watu wakibishana redioni kuhusu elimu na uchumi, jueni kuna mzee mmoja anawasikiliza akiwa ameketi nyuma ya kipande cha reli, nyundo mkononi, na ugali wake wote unategemea watoto kwenda shule.

Januari ya 2025 nusura inizike. Hakukuwa na kidato cha kwanza. Watoto wa mwisho wa KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, waliufanya 2023 wakaingia sekondari Januari 2024. Wadogo zao wa CBC, huu mtaala mpya, walibaki gredi ya tisa kwenye shule zile zile za msingi, jioni wanarudi kwa mama zao. Nani anamnunulia sanduku mtoto anayelala nyumbani? Miaka mingine, Januari ikianza hatulali, wazazi wanapanga foleni na orodha ya shule mkononi: godoro, ndoo, kufuli, sanduku. Safari hii nilibaki na masanduku 140 yamepangwa hadi kwenye paa. Habari nilikuwa nayo, redio ilisema, binti yangu alisema. Lakini fundi ni fundi. Mwezi wa kumi ukifika mkono unajikatia bati wenyewe.

Sasa swali. Nina shilingi 260,000 kwenye sacco, jasho la miaka sita. Kitinda mimba wangu alipata C+ kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya 2024 na ameitwa chuo kikuu kusomea biashara. Nikipiga hesabu ya karo itakayobaki juu yangu baada ya mkopo wa serikali wa HELB, halafu chumba, chakula na nauli, hiyo pesa inamfikisha mwaka wa pili, labda wa tatu tukijibana. Na kule Kariobangi Light Industries kuna mashine ya kukunja bati, ya mkono, imetumika lakini mdomo wake bado umenyooka. Wanataka 235,000. Sisi tunakunja kwa nyundo ya mti juu ya reli: watu wawili, masanduku sita kwa siku, wakiamka na nguvu saba. Niliwaona wenye mashine kama hiyo wakitoa kumi na manne, na kona zake hazina mawimbi.

Ningekuwa naamua kwa moyo, ningelipa karo nikalale. Kinachonisumbua ni karakana yangu yenyewe. Nina fundi mmoja, tumwite Mose, aliacha shule darasa la sita. Huyo ndiye aliyebuni kibao cha mbao chenye misumari: unalalia bati juu yake, unagonga, matundu ya bawaba na ya komeo yote yanatoka mahali pake bila kushika rula. Kazi ya dakika ishirini ikawa ya dakika nne. Na ninaye binti yangu, shahada ya takwimu, alimaliza 2022, barua za kuomba kazi zimejaa faili mbili. Sasa ananiwekea hesabu za karakana na kuyapiga picha masanduku ayatangaze mtandaoni. Mose na binti yangu nawalipa sawasawa, 900 kwa siku.

Kwenye bajeti iliyosomwa Juni 2025, elimu ilipewa shilingi bilioni 702.7. Nao KNBS, watu wa takwimu za taifa, wanasema mwaka 2024 zilipatikana ajira mpya 782,300, na 703,700 kati ya hizo ni za sekta isiyo rasmi, yaani huku kwetu juani. Tisa kwa kumi. Basi kama elimu ndiyo inayokuza uchumi wa nchi, mbona uchumi unamrudisha msomi kwangu kuja kushika brashi ya rangi? Na kama ni mashine, au ni akili ya Mose, mbona hilo halina fungu lake?

Nataka kujibiwa na watu wanaojua. Matusi wekeni kando.

KijanaRoysambu (saa 3:26 usiku)

Mzee, nunua mashine kabla haijachukuliwa. Mimi nina shahada ya uhandisi wa mitambo, daraja la pili la juu, na ninauza vifuniko vya simu kando ya Thika Road. Miaka mitano chuoni nilishika mashine ya kukereza mara tatu, na hizo mara tatu tulikuwa wanafunzi arobaini tumeizunguka kama watu wanaotazama ajali. Mose angenifunza zaidi kwa wiki moja. Nikija Kamukunji mtanichukua? Hiyo 900 kwa siku inazidi ninachopata.

MwalimuUmoja (saa 4:05 usiku)

Baba, nimefundisha uchumi katika chuo cha kati kwa miaka kumi na saba, na wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza swali kama hili. Ngoja nilijibu kwa sanduku lako mwenyewe.

Ukimwongeza fundi wa tatu na nyundo ya tatu, masanduku yataongezeka. Ukimleta wa nne na wa tano, wataanza kukanyagana kwenye reli. Mchumi Robert Solow alipiga hesabu ya namna hiyo kwa Marekani nzima, akaichapisha 1957. Alichukua miaka ya 1909 hadi 1949, akakuta kile anachozalisha mfanyakazi kwa saa moja kimeongezeka karibu maradufu. Akatenga sehemu iliyoletwa na mashine na mitaji kuongezeka: moja tu kati ya nane. Zile saba zilizobaki akazipa jina la mabadiliko ya ufundi, na humo ndani kulikuwa na kila kitu: watu waliosoma zaidi, njia mpya za kazi, vibao vya kina Mose wa huko kwao.

Waliokuja nyuma yake ndio waliofungua lile furushi. Theodore Schultz na Gary Becker walisema maarifa na afya ya mtu ni mtaji kama ulivyo mtaji wa duka, unawekezwa na unazaa. Paul Romer, aliyepewa Nobel 2018, akaongeza jambo ambalo wewe unaliona kila siku. Bati ulilolikata wewe, jirani hawezi kulikata tena. Lakini kibao cha Mose wanaweza kukitumia mafundi wote wa Kamukunji asubuhi hiyo hiyo, na Mose hapungukiwi na kitu. Wazo halimaliziki kwa kutumiwa. Ndiyo maana nchi yenye watu wengi wanaobuni inaweza kuendelea kukua hata kama bati ni lile lile.

Lakini usikimbilie kusema Mose hana elimu. Ana miaka sita ya shule kichwani. Anajua inchi, anajua kugawa, anasoma meseji ya M-Pesa. Richard Nelson na Edmund Phelps waliandika 1966 kwamba faida kubwa ya shule ni kumfanya mtu aipokee teknolojia mpya upesi kuliko mwingine. Tazama M-Pesa. Ilianza Machi 2007, na kwa mwaka mmoja au miwili ilikuwa imefika vijijini, kwa sababu mama wa sokoni aliweza kusoma tarakimu kwenye simu. Tavneet Suri na William Jack walifuatilia familia kwa miaka, wakakadiria mwaka 2016 kwamba huduma hiyo ilizitoa familia 194,000 za Kenya kwenye umaskini, takriban asilimia 2 ya zote. Bila ya zile shule za msingi za kijijini, hizo meseji zingesomwa na nani?

Sasa hilo la msomi kurudi kwako. Mchumi Lant Pritchett aliuliza jambo hilo hilo mwaka 2001. Nchi nyingi maskini zilijaza watoto shuleni tangu miaka ya 1960 na uchumi haukuitika. Alitoa sababu tatu. Kwanza, huenda mtoto alikaa darasani bila kujifunza. Pili, huenda alijifunza, ila nchini hakukuwa na kazi inayohitaji alichojifunza. Tatu, huenda kazi ilikuwepo, ila ilikuwa ya kumtajirisha yeye huku ikiipunguzia nchi. Hiyo ya tatu, Mkenya yeyote aliyewahi kusikia neno tenda ameielewa bila maelezo.

Kwa hapa kwetu, ya kwanza na ya pili zinatuuma pamoja. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2020 kwamba mtoto wa Kenya atakaa shuleni miaka 11.6, lakini ukipima alichojifunza, ni kama miaka 8.5. Miaka mitatu imemwagika njiani. Na wale waliojifunza kweli, kama binti yako, wanafika mlangoni na mlango ni mmoja.

Watu hupenda kututajia Korea Kusini. Ni kweli, walitoka vitani 1953 wakiwa maskini kabisa, wakasomesha. Lakini hawakusomesha tu. Mwaka 1966 walifungua taasisi ya utafiti wa sayansi na teknolojia, kufikia 1973 walikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma, na leo wanatumia zaidi ya asilimia 4 ya pato la taifa lao kwenye utafiti. Mhandisi wao alimaliza chuo akakuta tanuru inamngoja. Sisi sheria yetu ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, na hatujaikaribia.

Kwa hiyo kabla sijasema karo au mashine, nakuuliza: hiyo shahada ya biashara aliichagua nani?

FundiSanduku (saa 4:31 usiku)

Mwalimu, Mungu akubariki, nimesoma mara mbili. Aliichagua mjomba wake. Kijana ukimwuliza anasema, "Utakavyoamua, Baba."

Lakini kwa kibao cha Mose umegusa kidonda. Unasema kinaweza kutumiwa na wote na Mose hapungukiwi. Nenda umwambie yeye. Kile kibao alikitengeneza Jumatatu. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo nilikiona kwa jirani wa kushoto, na wiki iliyofuata kwa watatu ng'ambo ya njia, mmoja amekiboresha, amekitia bawaba kifunguke kama kitabu. Bei ya sanduku ikashuka shilingi mia moja, kwa sababu sasa wote tuna kasi moja. Mama wa kununua alifaidi. Mose alifaidi nini? Nilimnunulia chakula cha mchana kwa siku tatu, samaki. Tangu hapo akipata wazo linamkaa tumboni. Juzi nilimkuta anapinda kipande cha chuma nyuma ya choo ili asionekane.

Na bado siwezi kusema kuiga ni kubaya, kwa sababu mimi mwenyewe nililelewa na kuiga. Mwalimu wangu wa ufundi, sasa ni marehemu, alikuwa Kamukunji miaka ya mwanzo ya 1980, wakati lile jiko la bati nje na udongo ndani linaingia. Wazo lake lilitoka Thailand, huko wanalo jiko mfano wa ndoo lenye udongo. Wataalamu wakalileta, wakaligeuza, wakalipa kiuno ili udongo usidondoke na miguu isianguke, halafu wakawafuata mafundi wa bati. Mzee wangu alikuwa akicheka akisimulia. Wao walizoea jiko la bati tupu, linakula makaa kama treni. Wakapewa mfano, wakasema hili haliuziki, ni zito. Baada ya muda kidogo kila mtu alikuwa analitengeneza, wengine vibaya, udongo unapasuka kabla ya mwezi, akina mama wakarudi na fujo. Waliobaki ni wale waliojifunza kuchagua udongo na kuchoma sawasawa. Leo ingia nyumba yoyote inayotumia makaa Nairobi, utalikuta. Linapunguza makaa sana, na hilo kila mama analijua kwa mfuko wake kabla hajaambiwa na mtafiti.

Hakuna aliyelifungia lile jiko kwa hati. Lingefungiwa, lisingefika Kayole. Lakini nitajie fundi mmoja wa Kamukunji aliyejenga nyumba kwa sababu ya lile jiko. Mimi simjui.

Na hilo la kusomesha watu kazini pia lina mwiba wake. Nimefundisha vijana kumi na mmoja tangu nianze. Mwaka wa kwanza anakata mkono wake na bati langu, nanunua plasta na bati jipya. Mwaka wa pili anaanza kunifaa. Mwaka wa tatu yuko mita ishirini kutoka kwangu na banda lake, anauza sanduku kwa bei ya chini. Kumi na mmoja! Kwa nchi ni faida, naona wazi, mafundi kumi na mmoja wapya. Kwa mfuko wangu ni kama kumwagilia shamba la jirani.

MwalimuUmoja (saa 4:44 usiku)

Baba, hicho ulichokisema cha vijana kumi na mmoja kimejaza vitabu vingi, na wewe umekisema kwa mistari mitano. Faida ya mafunzo inavuja nje ya aliyelipa, ndiyo maana serikali inapaswa kubeba sehemu ya gharama. Kuhusu Mose, sheria yetu ya mali ya viwandani ya 2001 ina cheti kwa ajili ya uvumbuzi mdogo kama wake, kinalinda miaka 10. Shida ni kwamba kumshtaki jirani kwa ajili ya kibao cha mbao, wakili atakula kibao na sanduku.

BabuMakadara (saa 5:02 usiku)

Nimekuwa kimya, sasa niseme. Nina miaka 71, nilikuwa mkereza vyuma katika karakana ya umma. Nyinyi vijana mnajua neno Nyayo Pioneer? Mwaka 1986 Rais Moi aliwaambia watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, hata likiwa baya na la mwendo wa kobe. Wasomi wetu wakaingia kazini, na sisi mafundi wa karakana tukaletewa michoro ya vipuri. Mimi nilichonga vipande vya chuma mpaka nikaota vipande vya chuma. Mwaka 1990 magari yakaonyeshwa Kasarani, na yalitembea, jamani, yalifika kilomita 120 kwa saa. Nilikuwa nimesimama pale na suti ya kuazima.

Elimu ilikuwepo. Ubunifu ulikuwepo. Mikono ilikuwepo. Wakaunda hadi shirika la kuyatengeneza kwa wingi. Halafu pesa ya kiwanda haikupatikana, na gari likabaki hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Mitambo mingine ikageuzwa karakana ya kuchonga vipuri, na mafundi wazuri niliowajua walitawanyika: mmoja alifungua duka la nyama, mmoja alikwenda Botswana, mmoja alifungua gereji na akawa ndiye tajiri wetu.

Nasema hivi ili mjue kusoma na kubuni kunaweza kufika mlangoni na kufia mlangoni. Gari moja unalitengeneza kwa akili. Gari la elfu moja unalitengeneza kwa mtaji, barabara ya kulipeleka na mtu wa kulinunua.

FundiSanduku, mdogo wangu, mashine hiyo usinunue peke yako. Masanduku kumi na manne kwa siku utamuuzia nani, na wewe una 140 kwenye paa? Mashine ya kukunja inataka kazi ya kuilisha kutwa. Kule Kariobangi wenye mashine wanawakunjia wengine kwa bei ya kila mkunjo. Tafuteni wawili watatu mchange, muwakunjie Kamukunji nzima milango, mabomba ya maji ya mvua, makabati. Hapo hata wale vijana wako kumi na mmoja watakurudishia karo yao bila kujua.

SistaKayole (saa 5:15 usiku)

Mimi ni muuguzi, nitasema moja tu kisha nirudi zamu. Mnazungumza kama akili inaanzia shuleni. Busia, kuanzia 1998, Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia watoto waliopewa dawa ya minyoo shuleni. Miaka 20 baadaye, waliopata dawa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa wanapata ujira wa saa uliozidi kwa asilimia 13. Dawa ya shilingi chache. Kremer naye ana Nobel, ya 2019. Mtoto mwenye tumbo bovu anasinzia darasani, na bilioni 702.7 inasinzia naye.

Halafu kuna sisi tuliosomeshwa. Darasani kwetu tulikuwa thelathini na wanne. Kumi na wawili wako Uingereza na Marekani, wanatuma pesa nyumbani kila mwezi. Mwaka 2024 Wakenya wa nje walituma karibu dola bilioni 5. Ni pesa nyingi, lakini usiku huu wodi ina muuguzi mmoja.

KijanaRoysambu (saa 5:21 usiku)

Babu, hiyo suti ya kuazima imenimaliza. Mimi nilidhani Nyayo Pioneer ni utani wa mtandaoni.

BintiFundi (saa 5:40 usiku)

Shikamooni nyote. Mimi ndiye binti wa brashi ya rangi. Rafiki yangu amenitumia hii mada akaniuliza, "Huyu si baba yako?" Maua meupe ya brashi yamekutoa, Baba.

Kwanza, hiyo 900. Mose analipwa 900 kila siku. Mimi nalipwa 900 siku unapokumbuka. Daftari ninalo.

Pili, umewaambia wageni habari ya kibao cha Mose, ambacho kweli ni kizuri, ila umesahau bati. Mwaka juzi bati kumi za futi nane kwa nne zilikuwa zinatoa masanduku 14, vipande vinavyobaki unawauzia watu wa vyuma chakavu kwa kilo. Nikakaa na karatasi ya miraba usiku tatu, nikapanga vifuniko na mbavu upya. Karatasi yangu ilisema 17. Mose akaitazama akacheka, akaniambia, "Dada, karatasi haina unene. Kila mkunjo unakula robo inchi, na hapa pembeni mkasi hauingii." Tukakaa naye tena, tukapata 16. Hayo masanduku mawili ya ziada kwa kila bati kumi si yangu wala si ya Mose. Yeye bila mimi angebaki 14, na mimi bila yeye ningekuharibia bati kumi nzima kwa kutafuta la kumi na saba.

Tatu, na hili nilitaka nikwambie kwa mdomo lakini kwa kuwa umeanza wewe hadharani. Agosti 2024 nilikuandikia kwenye karatasi ya manjano, nikaibandika ukutani juu ya birika: kidato cha kwanza 2025, sifuri. Nikakuandikia pia tukate makabati ya wauza soseji za smoki na vyombo vya kulishia kuku badala ya masanduku. Karatasi bado iko pale, ina doa la chai. Masanduku 140 ukiyapiga kwa gharama ya bati, rangi na kibarua yanakaribia karo ya mwaka mzima. Mashine hiyo ingekuwepo, ungekuwa na 300.

Mwalimu wa Umoja, asante kwa kuniita niliyejifunza kweli. Huo mlango mmoja uliousema nimeubisha mara sitini na mbili, nimehesabu, takwimu ndiyo kazi yangu. Siku hizi nawawekea hesabu mafundi wengine wanne pale sokoni, kila mmoja ananilipa 1,500 kwa wiki. Baba hajui. Sasa amejua.

Kuhusu mdogo wangu, yeye hataki biashara. Anataka diploma ya mekatroniki, yaani mitambo na umeme pamoja, pale chuo cha ufundi cha Kabete, apande matatu asubuhi na kurudi jioni. Diploma inataka C- na yeye ana C+, kwa hiyo hakuna atakayemkataa kwa alama. Anaogopa kukwambia kwa sababu ulishawaambia majirani anakwenda chuo kikuu. Muulize, ila usimuulize mbele ya mjomba.

MwalimuUmoja (saa 5:48 usiku)

Mimi nimeweka kalamu chini. Binti, njoo uwaeleze wanafunzi wangu hiyo robo inchi.

FundiSanduku (Jumanne, saa 12:20 asubuhi)

Jana niliamka nikakuta mmenivua nguo mchana kweupe.

Karatasi ya manjano ni kweli. Nilidhani ni orodha ya rangi za kununua. Binti, hesabu ya deni langu niandikie, nitalipa mwisho wa mwezi, na hao mafundi wanne ungewatoza 2,000, wanazo, mimi nawajua.

Kijana nimemuuliza jana usiku tukiwa wawili, nje, tukifunga kuku. Alinyamaza kama kawaida. Nikamwambia mjomba hayupo. Akazungumza dakika arobaini, kuhusu mota, na vihisio, na mkono wa chuma unaokunja bati wenyewe ukishaambiwa vipimo. Sikuelewa nusu yake. Miaka kumi na tisa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Fomu ya Kabete tutaijaza wiki hii kwa huyo binti, maana mimi na kompyuta hatusalimiani.

Babu wa Makadara, nimezungumza na jirani wa kushoto, yule wa kwanza kuiga kibao. Ataweka 80,000. Yule aliyekitia bawaba anafikiria. Mose nimemwambia mashine ikija yeye ndiye atakayeisimamia, na katika kila shilingi kumi za kuwakunjia watu wa nje, moja ni yake. Aliniuliza kama hilo litaandikwa. Nikamwambia litaandikwa, binti ataandika.

Roysambu, kijana wangu, njoo Jumatano saa mbili. Ni 900 kama wengine, na viatu vya wazi usivae.

Leo tunakwenda Kariobangi kuitazama. Mose amesema tusitoe hata shilingi kabla hajaingiza bati la geji 28 upana wote, akalikunja, akaliweka juu ya kioo kuona kama mwanga unapita chini. Kioo amekitoa kwenye kabati la mke wangu. Wakishusha bei nitawaambia.